Si uchawi, ni maradhi

Usiku wa manane mzee anapiga hodi nyumba isiyo yake, akimwita mjukuu kwa jina la nduguye aliyefariki zamani. Vijijini Kilifi, kinachofuata mara nyingi ni mnong'ono: mchawi huyo.

Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyaeleza maradhi haya ya kupoteza kumbukumbu, yanayoitwa kwa jina lake, mwaka 1906. Ubongo hunyauka polepole. Tiba ya kuyaondoa haipo, ila zipo dawa za kupunguza makali yake.

Wazee wa Kilifi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine, ukichimba, utakuta shamba ndilo lililotakiwa. Waliokimbia wamepata hifadhi Kaya Godoma, Ganze, kituo cha chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA. Wengi wao, tuseme ukweli, wana akili timamu kuliko waliowafukuza.

Mgonjwa mwenyewe huuguzwa na binti au mkaza mwana, bila mafunzo wala zamu ya kupumzika. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mtu akitoa nauli ya hospitali, hubaki nini?

Mwenye gunia la unga au blanketi la kuwapa wazee wa Kaya Godoma, Ganze si mbali.