Muuza Sukari Hakuwapo Madani

Leo nina neno na sisi wakazi wa Juba, na nitaanza na nafsi yangu, asije mtu akasema nawanyooshea wenzangu kidole.

Januari 2025, jeshi la Sudan lilipoutwaa tena mji wa Wad Madani kutoka mikononi mwa wanamgambo wa RSF, simu zetu zilijaa video za watu wakiuawa. Tukaambiwa ni ndugu zetu wa Sudan Kusini. Mauaji yalikuwako kweli. Serikali yetu iliyalaani, na jeshi la Sudan lenyewe lilikiri maovu, ila likayaita ya mtu mmoja mmoja. Video iliyonifikia niliiona sokoni Konyo Konyo, kwa mama muuza chai. Kijana wa boda boda alituwekea simu mbele ya macho, kioo chake kimepasuka pembeni, mtandao ukikwama na kuachia. Tuliirudia mara nne. Hakuna aliyeuliza imepigwa lini, wala yule anayefoka nyuma ya kamera anasema nini hasa. Swali lilikuwa moja tu: mundukuru wako wapi? Ndilo jina tulilorithi la kumwitia mtu wa kaskazini. Nami, kabla chai yangu haijapoa, nilikuwa nimeshaituma kwa watu kumi na wawili.

Usiku wa tarehe 16 maduka ya Wasudani yalivunjwa na kuchomwa. Ikaja amri ya kutotoka nje, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Polisi walitangaza kwamba Wasudani 16 wameuawa nchini.

Sasa tuulizane waliouawa ni akina nani. Miongoni mwa Wasudani wanaofanya biashara Juba, si wachache waliotoka Darfur, wengine wakiikimbia vita hiyohiyo ya jeshi na RSF. Na kule Jazira, jimbo la Madani, miongoni mwa walioshambuliwa baada ya Madani kutwaliwa walikuwamo watu wa kanabi, vijiji vya vibarua wa mashambani, ambao wengi asili yao ni Darfur, Kordofan na huku kwetu Kusini. Basi tuliokuwa tukidai kisasi cha marehemu tulikwenda kumpiga jamaa yake. Muuza sukari wa mtaani kwetu hakuwapo Madani. Alikuwa hapa, akitupimia sukari na kuandika madeni yetu kwenye daftari.

Moshi haujatulia, pale kwenye chai kila kambi ilikuwa na hadithi yake ya njama. Mmoja alisema ni kazi ya wapinzani kuichafulia serikali jina. Mwingine akasema ni serikali yenyewe, inataka tusahau mishahara ya miezi isiyolipwa. Waligombana nusu saa nzima, na katika nusu saa ile sikusikia mtu akimtaja hata maiti mmoja.

Serikali iliona dawa ni kuzima Facebook na TikTok. Ilizizima tarehe 22, ikazifungua tarehe 27. Siwatetei wanaorusha picha za damu, maana nimeshakiri kuwa nami nimo. Lakini wazee wenzangu watakumbuka Julai 2005, helikopta ya Rais Museveni wa Uganda ilipoanguka na kiongozi wetu Dkt. John Garang akafa. Wakati ule nani Juba alikuwa na Facebook? Habari zilitembea kwa miguu, na bado maduka ya watu wa kaskazini yalichomwa. Mwaka uliofuata, kamati iliyoongozwa na Abel Alier ilisema chanzo kilikuwa makosa ya rubani na hali mbaya ya hewa. Mpaka leo, mwambie mtu hivyo chini ya mwembe wowote hapa mjini, atakutazama kama umehongwa.

Na tunayo methali tunayoifanya kinga: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jamani, methali hii imetumaliza. Julai 8, 2016, Rais Salva Kiir na makamu wake wa kwanza, Riek Machar, wakiwa pamoja Ikulu, msemaji wa Machar, James Gatdet Dak, aliandika kwenye Facebook akiwa nje ya nchi kwamba bosi wake anakamatwa. Hakuwa amekamatwa. Nje ya ukuta risasi zikalia, na katika siku chache wakafa watu mamia. Halikuwapo, likaja! Serikali ikasema maandishi yale ndiyo yaliyowasha moto. Wapinzani wakasema moto ulikuwa unawaka tangu jana yake, mtaani Gudele, askari walipouana kwenye kizuizi. Hadi leo ukishika jibu moja unaitwa wa serikali, ukishika la pili unaitwa nyagat, msaliti.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, tukirudi nyuma. Desemba 16, 2013, Rais Kiir alijitokeza na sare za kijeshi akatangaza jaribio la mapinduzi. Machar akakana. Wakati huohuo wanaume wa Kinuer walikuwa wakikusanywa na kuuawa Gudele, nyumba kwa nyumba. Kisha Wadinka wakauawa katika mji wa Bor na kwingineko na waliosema wanalipiza. Umoja wa Afrika uliunda tume chini ya Olusegun Obasanjo, rais wa zamani wa Nigeria. Tume ilisema haikuona ushahidi wa mapinduzi, na ilisema pia kwamba pande zote mbili zilifanya uhalifu mkubwa. Ripoti ilikamilika 2014. Wakubwa wa Umoja huo wakaifungia, eti isiharibu mazungumzo ya amani, ikatolewa Oktoba 2015. Mahakama ya uhalifu huo, iliyoahidiwa kwenye mkataba wa amani wa mwaka huohuo, na tena kwenye ule wa 2018, haijaundwa.

Mwaka mzima ripoti imo kabatini! Watu wangefanya nini katika mwaka huo kama si kujitungia ripoti zao? Hadithi za njama hustawi palipofichwa jambo. Anayezima simu za watu huku ameikalia mahakama anafukuza nzi na kuacha kidonda wazi. Nasi tusijifiche nyuma yake. Ripoti ile ipo wazi sasa, na ninayewalaumu zaidi ni wasomi wetu, wenye kuisoma nusu, ile nusu inayomtaja jirani. Ukiisoma, anza na kurasa zinazowataja watu wako. Video ikikufikia, kabla ya kumtumia mwenzako, tafuta mtu anayeijua lugha inayosemwa ndani yake. Ukipandwa na hasira, taja kwanza jina la unayemshuku na kosa alilotenda yeye mwenyewe. Kama unachoweza kutaja ni kabila tu, keti umalizie chai.

Muuza sukari wetu alirudi baada ya wiki kadhaa. Mlango ni mabati mapya, rafu tupu mbili, na daftari lake limeungua. Wadeni wake tulipita mbele ya duka siku ile, wengine tukiangalia upande wa pili. Asubuhi ya tatu yule mama muuza chai aliingia akamwambia kwamba yeye anadaiwa kilo mbili za sukari na pakiti ya majani. Muuza sukari alimwandikia kwenye daftari jipya, mstari wa kwanza. Mimi niliandikwa wa nne.