Rais kang'oka, bunduki kabaki nazo nani?

Wadau, mapinduzi ya umma yakitokea tunashangilia siku rais anapokimbia. Mimi naona hapo safari imefika nusu tu.

Chanzo huwa kinafanana: maisha magumu. Tunisia, Desemba 2010, mchuuzi Mohamed Bouazizi alijichoma moto. Sudan, Desemba 2018, mkate ulipanda bei. Hatua nazo zilifanana: watu mitaani, mwisho wanajeshi wakamtosa mkubwa. Ben Ali akakimbia Januari 2011, Mubarak wa Misri akafuata Februari, Bashir aling'olewa Aprili 2019.

Matokeo sasa! Misri jeshi lilibaki na bunduki na biashara zake. Morsi aliyechaguliwa 2012 likampindua Julai 2013. Sudan bunduki zilikuwa kwa mabosi wawili, Burhan na Hemedti. Oktoba 2021 wakaipindua serikali ya mpito, Aprili 2023 wakageuziana mitutu wenyewe. Tunisia jeshi lilikaa kando, katiba mpya ikapatikana 2014. Ila ajira hazikuja, na Saied aliposimamisha bunge Julai 2021 wengi walishangilia.

Kwa hiyo vijana wenzangu, "nani aondoke" ni swali rahisi. Gumu ni hili: akishaondoka, bunduki na ugali viko mikononi mwa nani? Mwenye hoja tofauti aishushe, tujadili bila matusi.