Ukurasa wa kuingilia si mlango

Jamani, hivi ni nani aliyetuambia kwamba programu ya wavuti ikishakuwa na visanduku viwili, kimoja cha jina na kingine cha nywila, basi iko salama?

Nauliza kwa sababu Arusha yetu hii inakula kwa kutunza habari za watu. Kuanzia Mnara wa Saa hadi Njiro kuna kampuni za utalii zinazopokea kwa intaneti nakala za pasipoti, tarehe za safari, hata habari za ugonjwa wa moyo wa mzee anayetaka kupanda Meru. Vyote hivyo vinaingia kwenye programu ambayo pengine imeandikwa na kijana mmoja, kwa haraka, kwa malipo ya kusuasua. Sasa kufuli la nyumba hiyo likoje?

Msimamo wangu ni huu: kijana asichonge kufuli lake mwenyewe. Achukue laibrari iliyojaribiwa na watu wengi. Ila akishaiweka asijipongeze, maana hapo kazi ndiyo inaanza.

Kwa wanaotumia JavaScript upande wa seva, yaani Node.js pamoja na Express, laibrari iliyozoeleka miaka mingi ni Passport, iliyoanzishwa na Jared Hanson. Jina lenyewe linatufaa sana watu wa mji wa watalii! Kuiweka ni mstari mmoja tu: npm install passport passport-local express-session. Unasubiri kidogo, kwisha. Wengi wetu hapo hudhani tumeweka ulinzi, kumbe tumeajiri mlinzi ambaye hajapewa maelekezo. Passport haikutunzii nywila wala haikufichii. Inachofanya ni kukuuliza wewe: mtu huyu kataja jina hili na nywila hii, nimruhusu? Jibu unaliandika mwenyewe. Ukiiambia ilinganishe na nywila iliyolala wazi kwenye hifadhidata, itatii bila kinyongo.

Na kulaza nywila wazi si kosa la vijana wa Arusha peke yao. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila milioni 32, zote zikiwa wazi kama orodha ya sokoni. Mwaka 2012 ikawa zamu ya LinkedIn. Wao walizificha, lakini kwa njia ya haraka mno na bila kuongeza kile wenye fani wanachokiita chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazofanya watu wawili wenye nywila moja waonekane tofauti. Wavunjaji hawakupata shida kubwa. Dawa yake ilikuwepo tangu 1999: bcrypt, ya Niels Provos na David Mazières, inayosaga nywila polepole kwa makusudi ili anayebahatisha achoke. Kuiongeza kwenye programu yako ni mistari michache. Kisingizio kiko wapi?

Lakini kuna kosa kubwa kuliko hilo. Waliopanda Meru wanajua utaratibu. Unajiandikisha geti la Momella, halafu huachiwi uende zako. Askari wa hifadhi mwenye bunduki anapanda nawe, kwa sababu njiani kuna nyati na tembo. Kupita getini ni jambo moja, kulindwa njiani ni jingine.

Programu nyingi zina geti, askari hakuna. Ukurasa wa kuingilia unapendeza, na JavaScript ya kwenye kivinjari inamficha vitufe yule asiyeingia. Ila kivinjari ni mali ya mgeni. Anaweza kukipuuza na kuiuliza seva moja kwa moja. Akiona anwani yake inaishia na 41, anaandika 42, na pasipoti ya mtu mwingine inamfungukia. Kwa hiyo maswali mawili lazima yaulizwe kwenye seva, tena kwa kila ombi: huyu ameingia kweli? Na hiki anachokitaka kinamhusu? Swali la kwanza laibrari itakusaidia. La pili ni lako. Hata ukiamua watu waingie kwa akaunti zao za Google, swali la pili linabaki palepale.

Jambo jingine ni kusahau. Toleo 0.6.0 la Passport, la mwaka 2022, liliziba tundu la vikao: kabla ya hapo namba ya kikao ilibaki ileile mtu akishaingia, na mjanja aliyempandikizia namba hiyo mapema angeweza kuingia kwa mgongo wake. Aliyeweka laibrari kabla ya hapo na hajaigusa tena, tundu bado analo.

Najua nitaambiwa, "Mteja halipii hayo, anataka rangi nzuri na picha za simba." Sawa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haimuulizi kama fundi alikuwa wa bei poa. Na hata kama sheria isingekuwepo, pasipoti ya mtu si picha ya simba.

Basi nawapa wenye kampuni jaribio lisilohitaji shahada. Kabla ya kumlipa fundi fungu la mwisho, ingia kwenye programu, fungua ukurasa wa mgeni mmoja, nakili anwani yake. Toka. Fungua kivinjari kwenye simu nyingine, bandika ile anwani. Ukimwona mgeni wako pale, kazi haijaisha. Rudia ukiwa umeingia kwa akaunti ya mgeni mwingine. Ukimwona tena, fungu la mwisho libaki mfukoni kwanza.

Au mnaonaje?