Uholanzi isile mbegu ya utafiti

WASOMAJI wengi wa kurasa hizi wanaifahamu Uholanzi kwa maua na mbegu za viazi. Mawaridi ya Naivasha yamekuwa yakipigwa mnada Aalsmeer kwa miaka mingi. Lakini kusini mwa nchi hiyo, katika mji mdogo wa Veldhoven jirani na Eindhoven, ipo biashara nyingine yenye uzito mkubwa zaidi kwa uchumi wa dunia. Huko ndiko yaliko makao ya ASML, kampuni pekee duniani inayotengeneza mitambo ya kuchapa chipu za kisasa kabisa za simu na kompyuta.

Mtambo huo ni wa ajabu. Ndani yake matone ya bati iliyoyeyuka hupigwa na leza mara 50,000 kwa sekunde, yakatoa mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanometa 13.5. Mwanga huo humezwa hata na hewa, hivyo kazi yote hufanyika mahali palipoondolewa hewa. Lenzi nazo hazifai. Hutumika vioo maalumu vinavyotengenezwa na Zeiss ya Ujerumani. Leza hutoka Trumpf, pia ya Ujerumani, na teknolojia ya chanzo cha mwanga ilitoka Cymer ya Marekani, ambayo ASML iliinunua mwaka 2013.

Kwa maneno mengine, Waholanzi hawatengenezi kila kitu. Nguvu yao ni kuunganisha ujuzi wa wengi na kuvumilia hasara ya muda mrefu. ASML ilianzishwa mwaka 1984 na Philips pamoja na ASM International, ikaanzia kwenye banda lililovuja, wakati Nikon na Canon za Japani zikitamba sokoni. Mitambo ya kwanza ya majaribio ya mwanga huo mpya ilipelekwa mwaka 2006 Leuven, Ubelgiji, na Albany, Marekani. Chipu zilizochapwa nayo ziliingia sokoni kwa wingi mwaka 2019. Mtafiti anayesubiri miaka kumi kupata aina mpya ya kiazi anaielewa hesabu hiyo.

Nani alilipa gharama ya kusubiri? Hapa ndipo penye funzo la kiuchumi. Mwaka 2012 wateja wenyewe, yaani Intel, TSMC na Samsung, walinunua hisa za ASML na kuchangia utafiti wake. Mnunuzi alilipia mbegu kabla ya kuona mavuno. Aidha, mwaka 2014 vyuo vikuu viwili vya Amsterdam na taasisi ya umma ya utafiti viliungana na kampuni hiyo kuanzisha kituo cha ARCNL, kinachochunguza fizikia ya msingi ya mwanga huo. Mwaka 2024 ASML ilitumia takriban Euro bilioni 4.3 kwa utafiti, kati ya mauzo ya Euro bilioni 28.3.

Hata hivyo, fedha bila watu hazichapi chipu. Karibu wanne kati ya kila wafanyakazi kumi wa ASML nchini Uholanzi ni wageni, na wengine waliingia nchini humo kama wanafunzi. Machi 2024 serikali ilitangaza Euro bilioni 2.5 kwa ajili ya nyumba, barabara, umeme na mafunzo katika eneo la Eindhoven, baada ya kampuni hiyo kudokeza kuwa ingeweza kupanuka nje ya nchi. Lakini serikali iliyofuata, iliyoingia madarakani Julai mwaka huo huo, ilipanga kupunguza mamia ya mamilioni ya Euro katika elimu ya juu, huku muswada wa kupunguza masomo ya shahada ya kwanza kwa Kiingereza ukiendelea kujadiliwa.

Mpango huo ulikuwa wa kujipinga wenyewe. Malalamiko ya wananchi kuhusu uhaba wa nyumba ni ya kweli, na hakuna mwanasiasa anayeweza kuyapuuza. Lakini uhaba wa nyumba hutibiwa kwa kujenga nyumba. Kumfungia mlango mwanafunzi wa fizikia kutoka India au Uturuki hakumpatii kijana wa Eindhoven chumba cha kupanga mwaka huu, na kunaipunguzia maabara mtafiti ambaye angehitajika mwaka 2035. Wanaoandaa bajeti za The Hague wavitenge vyuo vya ufundi na sayansi na makato ya aina hiyo, na viachwe vifundishe kwa lugha ambayo watafiti wake wanaitumia kazini.