Daftari la Wiki: Mguu Ulikuwa Wapi?

Video ya zamani imerudi kwenye simu za watu wa Moshi wiki hii. Ni ile ya Mei 2023 kutoka Hawaii. Mvuvi yuko peke yake kwenye kayaki, kisiwa kinaonekana kwa mbali, mara kichwa cha papa kinaibuka mdomo wazi na kugonga ubavu wa chombo. Mvuvi anamsukuma kwa mguu, papa anaachia, na yote yanaisha kabla mtazamaji hajavuta pumzi.

Kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Mbuyuni waliirudia mara nne. Mmoja aliapa kwamba hatakanyaga tena Tanga. Mwingine alitaka kujua kayaki ile inauzwa bei gani. Kijana muuza perege, mwenyeji wa Lang'ata upande wa Mwanga, alinyamaza hadi mwisho, kisha akamwambia mwenye simu: "Kaka, hebu rudisha nyuma kidogo. Kabla papa hajaja, mguu wake ulikuwa wapi?"

Mjini hapa hakuna aliyeuliza swali bora kuliko hilo wiki nzima.

*

Samaki aliyetungwa kwenye kamba na kuning'inizwa majini ubavuni mwa chombo anamwita papa baharini, na bwawani anamwita mamba.

*

Swali la yule kijana linastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu mguu umewahi kuamua maisha ya mtu. Desemba 2013, hukohuko Hawaii, kati ya Maui na kisiwa kidogo cha Molokini, mvuvi wa kayaki alikuwa akivua huku mguu wake ukining'inia nje. Papa aliuma mguu huo. Mwenzake, aliyekuwa kwenye kayaki nyingine, alipiga kasia hadi akamfikia, akamfunga jeraha ili kuzuia damu na kuita msaada, lakini mvuvi yule alifariki.

Visa vya namna hiyo ni vichache. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, wanaotunza kumbukumbu za dunia nzima, walihesabu watu 69 walioumwa na papa mwaka 2023 bila kumchokoza, na 10 kati yao walikufa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, waliokufa maji mwaka 2021 walikuwa takriban 300,000. Anayetoka na chombo kidogo aanze kwa kuogopa kuzama, kisha ndiyo afikirie meno.

Hata hivyo, mvuvi wa kayaki hayuko sawa na muogeleaji. Muogeleaji hukutana na papa kwa bahati mbaya, ilhali mvuvi humtumia mwaliko. Samaki aliyenasa hutapatapa, na mtikisiko wake husafiri mbali majini. Papa ana mstari wa hisia ubavuni unaoupokea mtikisiko huo. Puani ana vitundu vinavyonasa umeme mdogo wa misuli ya kiumbe kilicho karibu, na harufu ya damu humletea habari iliyobaki. Akifika anamkuta samaki aliyechoka chini ya plastiki nyembamba, na juu ya plastiki hiyo amekaa binadamu.

Ndiyo maana wazoefu wa kazi hiyo wana masharti yao. Miguu hukaa ndani. Samaki huingizwa mara moja kwenye sanduku au mfuko unaofungwa. Utumbo na damu havimwagwi pale unapoendelea kuvua. Midomo ya mito, maji ya tope, alfajiri na magharibi ni mahali na nyakati za kuongeza tahadhari. Ukivuta mshipi ukapata kichwa cha samaki bila mwili, maana yake mwenye eneo amefika, nawe unahama. Kisu cha kukata mshipi kinawekwa pale mkono unapofika bila kutafuta. Papa akikizunguka chombo, unapiga kasia taratibu kuelekea pwani bila kuchafua maji. Akishika chombo au mwili, unampiga puani, machoni au kwenye matamvua. Na mtu haendi peke yake.

Kijana wa Lang'ata anayajua karibu yote haya bila kuwahi kufika baharini, kwa sababu kazi yake iko Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 kudhibiti maji ya Pangani na kuzalisha umeme, megawati 8. Linapokea Mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, na Mto Ruvu unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Mwaka 1970 lilitoa zaidi ya tani 25,000 za samaki, na wavuvi wakahamia kutoka pande nyingi za nchi. Mavuno hayo yalishuka baadaye, lakini mitumbwi haikuondoka. Mamba na viboko nao wamebaki.

Mtumbwi uliojaa nyavu, watu wawili na perege unaacha ubao mdogo sana juu ya maji. Nao unakaa karibu na maji kama kayaki ya Hawaii.

Mamba naye hafanani na papa katika jambo moja ambalo kila mvuvi lazima alishike. Papa wengi wanaomuuma mtu huuma mara moja na kuondoka. Mamba wa Afrika akimkamata mtu, amekusudia kula. Amelala, ametazama, amehesabu mara ngapi mtu huyo amekuja kuosha vyombo au nyavu mahali palepale saa ileile, ndipo anatoka.

Ukanda wetu una ushahidi wa kutosha. Hendrik Coetzee, Mwafrika Kusini aliyeishi Jinja, Uganda, alikuwa miongoni mwa wapiga kayaki hodari kuliko wote barani. Mwaka 2004 aliongoza msafara uliofuata Nile kutoka Uganda hadi Bahari ya Mediterania. Desemba 2010 alikuwa na Wamarekani wawili kwenye Mto Lukuga, mashariki ya Congo, mto unaotoa maji Ziwa Tanganyika. Walikuwa watatu, karibukaribu, kila mmoja kwenye kayaki yake. Mamba alitokea nyuma yake, akamvuta akaondoka naye, na wenzake wakaiona kayaki yake ikibaki bila mtu. Alikuwa na umri wa miaka 35. Ustadi wote ule haukumsaidia, kwa kuwa mamba hakumpa nafasi ya kuutumia.

Upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, mamba mkubwa aliyepewa jina la Osama alinaswa mwaka 2005 baada ya wanakijiji kumhusisha na vifo vya watu zaidi ya 80. Wavuvi walisimulia kwamba alikuwa akiwafuata hadi ndani ya mitumbwi.

Halafu kuna kiboko, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Waongozaji wa mitumbwi kwenye Mto Zambezi hugonga ubavu wa chombo kwa kasia ili viboko wajue wageni walipo, na hupita maji mafupi karibu na ukingo, kwa sababu kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina. Kwa mamba ushauri ni kinyume: kaa mbali na ukingo, mbali na matete, mbali na mahali anapoota jua.

Kijana wa Lang'ata alilisema kwa maneno yake huku akifunga mzigo: "Mamba anataka nikae mbali na ukingo. Kiboko anataka nimwachie kina. Sasa mimi nipite wapi?"

Jibu la kweli ni kwamba anapita kwa kujua mahali. Wazee wa bwawa wanajua ghuba ipi ina viboko mwezi gani, matete yapi yamezaa mamba, na mwalo upi umewazoesha mamba kula utumbo wa samaki. Maarifa hayo yako vichwani mwao na yanazikwa nao. Yangeweza kuchorwa kwenye karatasi moja na kubandikwa kila mwalo, na anayeyaandika asingehitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Angemwendea mzee mmoja baada ya mwingine, akatoa shikamoo, akaketi na kusikiliza.

*

Utumbo wa samaki usitupwe mwaloni, pale watoto wanapochota maji. Daftari hili limeshalisema na litalisema tena.

*

Neno la wiki ni jarife. Ni wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Miaka ya mwanzoni ya 2000, wavuvi wa Tanga waliposhusha jarife kwenye kina kirefu, walipandisha samaki mzito wa bluu, mwenye mapezi kama viungo vya mnyama. Alikuwa silikanti, ambaye wanasayansi walimdhania ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 Tanga ikapata hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Ni furaha kubwa kwamba neno la wavuvi wetu limeingia kwenye maandishi ya sayansi kama lilivyo, jarife, bila kubadilishwa hata herufi.

*

Na Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, karibu na Kilindoni, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani huogelea kando ya ngalawa. Watu wa pwani humwita potwe, na wengine papa shilingi kwa ajili ya madoa yake meupe. Hula viumbe vidogo kabisa vinavyoelea majini. Mtoto wa darasa la tatu pale Kibosho au Marangu anayefundishwa kwamba papa ni muuaji amefundishwa nusu ya somo.

*

Ziwa Chala, mashariki ya mlima, ni shimo la volkano lililokatwa na mpaka wa Kenya. Maji yake yanatoka chini ya ardhi, yakichujwa na miamba ya Kilimanjaro, na rangi yake hubadilika kutoka kijani hadi buluu kadiri jua linavyopanda. Machi 2002, msichana Mwingereza wa miaka 18 aliingia kuogelea upande wa Kenya na mamba akamuua.

Miaka zaidi ya 20 imepita, na upande wa Tanzania wageni sasa hupiga kasia kwa kayaki. Hilo ni jema, ziwa lile lafaa kuonekana. Lakini kila anayemkabidhi mgeni kasia amwambie kwa mdomo wake, akimtazama usoni, kwamba ziwa hili limewahi kuua, na kwamba mikono na miguu ibaki ndani. Yule binti alikuwa na mama.

*

Kifuta machozi. Ndilo jina la fedha ambayo serikali huipa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama hatari. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa kifo na laki 5 kwa ulemavu wa kudumu. Kwa mazao yaliyoliwa jina ni kifuta jasho.

Ni majina ya kweli. Hayadai kulipa thamani ya mtu. Yanakiri kwamba machozi yametoka na leso imeletwa. Kinachouma ni mfuatano wenyewe. Fedha hiyo hupitia fomu, ofisi ya kijiji, ofisa wa wanyamapori na wilaya baada ya mazishi. Kabla ya mazishi, fedha hiyohiyo ingenunua majaketi okozi mengi, na sanduku la kufungia samaki kwa kila mtumbwi wa mwalo mmoja. Anayepanga bajeti ya halmashauri anaweza kuweka fungu dogo kabla ya msiba. Daftari hili linaomba hivyo kwa moyo wote.

*

Jaketi okozi lililofungiwa dukani kwenye mfuko wake wa nailoni halijawahi kumwokoa mtu.

*

Mvua zimenyesha juu ya mlima, na Kikuletwa inashuka ikiwa rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo yatakaa Nyumba ya Mungu, yatapita kwenye mitambo ya bwawa, yatateremka Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, na hatimaye yataingia Bahari ya Hindi pale mji wa Pangani. Midomo ya mito yenye maji ya tope hupendwa sana na papa wa Zambezi, mmoja wa papa wachache wanaovumilia maji baridi yasiyo na chumvi. Mpanda ngalawa wa Pangani na mpanda mtumbwi wa Lang'ata wote wanasubiri tope litulie.

*

Muuza perege alirudi Alhamisi. Alikuwa amezunguka maduka ya vifaa vya uvuvi mjini akitafuta vitu vitatu: mshipi, jaketi okozi na filimbi ya kumwita mwenzake gizani. Mshipi ulikuwepo wa kila unene. Jaketi lilikuwepo moja, la saizi ya mtoto. Filimbi aliipata kwenye duka la vifaa vya shule, ile wanayotumia walimu wa michezo, akanunua mbili, moja yake na nyingine ya mdogo wake anayeshika kasia la nyuma.