Samaki Chupani, Wahaka Moyoni

Msimu wa mitihani unapokaribia, mabweni yetu hugeuka kuwa maduka madogo ya dawa. Kando ya mkebe wa kahawa hukosi siku hizi chupa ya kapsuli za rangi ya dhahabu, zilizojazwa mafuta ya samaki. Wanaozimeza wanatafuta utulivu wa nafsi: wahaka upungue, simanzi iondoke, usingizi urudi. Makala haya yanakusudia kuihoji imani hiyo.

Kwa insafu, imani yenyewe haikuzuka bure. Sehemu kubwa ya ubongo wa binadamu ni mafuta, na miongoni mwayo yamo ya jamii ya omega-3 yanayopatikana kwa samaki, hasa yaitwayo DHA. Mwenzake, EPA, ndiye ahusishwaye zaidi na hali ya nafsi. Mwaka 2018, uchambuzi wa majaribio 19 yaliyohusisha watu 2,240 kutoka nchi 11 ulionyesha kwamba mafuta hayo yalipunguza dalili za wahaka. Wauzaji wameing'ang'ania habari hiyo. Wasilolitaja ni kwamba nafuu ilionekana kwa watu waliokwisha kupimwa wakakutwa na maradhi, tena waliotumia angalau miligramu 2,000 kwa siku.

Basi na tuisome chupa, maana kusoma ndiyo kazi yetu. Mbele pameandikwa 1,000 kwa tarakimu nono. Huo ni uzani wa mafuta yote. Igeuze chupa, ukaze macho: kapsuli ya kawaida ina takribani miligramu 180 za EPA na 120 za DHA, jumla 300. Atakaye kufikia 2,000 hana budi kumeza kapsuli saba kila siku, na chupa ya kapsuli 60 haitamfikisha siku ya tisa. Sijui ni mkopo gani wa elimu utakaostahimili matumizi hayo! Naye anayekimbilia mafuta ya ini la samaki ajue kuwa yana vitamini A, ambayo ikizidi hudhuru, hususan kwa mja mzito.

Na sonona, ambayo wengine huiita unyogovu? Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililowafuatilia watu 18,353 kwa muda wa miaka mitano hivi. Waliopewa gramu moja ya mafuta ya samaki yenye omega-3 kila siku hawakukingika na sonona kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tena hatari kwao ilionekana kuzidi kidogo. Nakubali kwamba hao walikuwa watu wa miaka 50 na zaidi, si vijana wa mwaka wa pili. Aidha, wapo wataalamu wanaoyapendekeza mafuta haya kwa mgonjwa wa sonona, lakini yawe nyongeza ya matibabu, chini ya uangalizi wa daktari. Nyongeza huongezwa juu ya kitu. Wenzetu wengi hawana hicho kitu.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Kapsuli humezwa kimyakimya. Haimwulizi mtu tangu lini hajalala, wala kwa nini ameacha kuhudhuria mihadhara. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumepata namna ya kuyaficha inayofanana na tiba. Ajabu ni kwamba lugha haikutunyima maneno. Wahaka, fadhaa, jitimai, simanzi, sonona: tunayakariri kama visawe, tunazoa alama, kisha tukiulizwa hali tunajibu "salama". Wahadhiri wetu nao, pamoja na heshima zote, huwa wepesi wa kumwita mvivu mwanafunzi ambaye pengine anaugua.

Apendaye samaki na ale samaki. Omena wa sokoni wanayo mafuta hayo hayo, na protini juu yake, na ugali hauwakatai. Lakini aliyelemewa kwa majuma mawili mfululizo aende kwa mshauri nasaha au zahanati ya chuo, na chupa yake mkononi akipenda, akaulize. Chama chetu nacho, kinachoandaa makongamano ya istilahi, kitenge kikao kimoja kwa mada hii, mshauri aalikwe azungumze kwa Kiswahili, na maswali yaruhusiwe kuandikwa bila majina.