Gemu ni Ghali Kweli, Ila Mteja Anayesubiri Siyo Adui Yako

Leo naongea na nyie mnaouza CD za gemu, pedi na mashine za PlayStation mtandaoni. Ila hata wewe wa nguo na viatu soma, kuna kitu utaondoka nacho.

Mimi nipo Mamboya, Kilosa. Dukani nauza vifaa vya simu, gemu naziposti status na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mzigo naagiza Kariakoo, basi linaushusha Dumila, naufuata.

Mwaka juzi tamaa ikanishika. Gemu ya mpira ilikuwa imetoka mpya, nikachukua CD 3 kwa 150,000 kila moja, nikaposti 175,000. Nikajua vijana watagombania. Meseji zikaja kweli, wote wanauliza bei, halafu kimya. Mmoja akaniandikia: "Kaka, hiyo si hela ya magunia mawili ya mahindi?" Nikakasirika, nikaweka status ya kuwasema wateja wenye njaa.

Nikauza moja. Mbili zikakaa mpaka toleo jingine likatoka, nikaziachia kwa 60,000 kila moja. Piga hesabu: faida 25,000, hasara 180,000. Na waliosoma ile status, wengine hawajarudi mpaka leo.

Sasa je, gemu ni ghali? Ndiyo, tusidanganyane. Kabla ya PlayStation 5 kutoka 2020, gemu kubwa mpya huko nje ilizoeleka dola 60. Baada ya hapo zikapanda kuwa 70. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni 175,000 kabla hata ya usafiri.

Kibandani kwetu mechi moja ni 500. Kwa 175,000 kijana anacheza mechi 350. Akicheza mechi 5 kwa wiki, zinamfikisha wiki 70. EA Sports FC inatoa toleo jipya kila mwaka, karibu na mwezi wa 9. Maana yake hela ya CD mpya haijaisha kibandani, na CD yenyewe imeshakuwa ya zamani! Na hapo hana haja ya TV, mashine wala umeme wake. Kwa hiyo yule wa magunia ya mahindi alikuwa na hesabu nzuri kuliko mimi mwenye duka.

Mteja akikataa kununua, hajakutukana. Anatumia nguvu pekee aliyonayo. Hata makampuni makubwa yanaijua hiyo nguvu. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza The Outer Worlds 2 kwa dola 80, watu wakalalamika, mwezi wa 7 ikairudisha 70. Kama Microsoft imesikiliza, mimi na wewe wenye mtaji wa kuunga unga tunamnunia nani?

Mimi siku hizi nafanya hivi:

1. Toleo jipya silinunui bila oda. Mteja analipa nusu, ndipo naagiza.

2. Nauza CD zilizotumika, na nabadilishana. Leta ya zamani, ongeza kidogo, chukua nyingine. CD moja inaweza kunipa faida mara tatu.

3. Kabla sijauza naijaribu CD kwenye mashine, narekodi video fupi, namtumia mteja. Mikwaruzo namwonyesha.

4. Nauliza mashine yake ni ipi. CD ya PS4 inacheza kwenye PS5 yenye sehemu ya CD, ila ya PS5 haichezi kwenye PS4. Namwambia pia kama gemu itahitaji kupakua GB nyingi, maana bando nalo ni gharama.

5. Asiye na hela namwambia ukweli: ile PES tuliyokulia nayo tangu 2021 ni eFootball, inapatikana bure. Leo sijauza CD, kesho anakuja kununua pedi.

Kitu kimoja nakipinga: kuuza akaunti moja kwa watu wengi halafu unaiita "gemu ya bei poa". Siku nenosiri likibadilishwa, gemu imeondoka na hela imeondoka. Huo siyo unafuu, ni utapeli. Huku kwetu habari ya hivyo inafika Berega kabla wewe hujafika.

Maoni yangu ni haya: bei ya gemu hatuwezi kuipanga sisi. Tunachoweza kupanga ni kama mteja atatoka kwetu amesaidika au amesemwa. Mahindi yakivunwa hela inarudi mtaani, na mtu huwa anakumbuka nani alimheshimu wakati hana.